Wasifu wa Mwanamke Mwenye Ulemavu

Marani, Kisii

Kwa mpwa wangu,

Wasifu wa mwanamke mwenye ulemavu huanza na kazi aliyoifanya. Huku Marani marehemu huzikwa nyumbani, na wasifu wake husomwa mbele ya ukoo, majirani na waumini wenzake. Ukijaa huruma tupu, mwenyewe hupotea, ilhali wanaosikiliza walimjua: wanajua alivyochuma majani chai, aliwasomesha akina nani, na alivyosimama imara palipozuka mzozo wa mpaka wa shamba.

Mfano bora ni Dkt. Elly Marco Macha wa Tanzania, aliyezaliwa mwaka 1962. Alikuwa haoni. Anayeishia hapo amesema kweli, lakini bado hajamtaja yeye. Macha alisoma hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na tasnifu yake ya mwaka 2002 ilihusu jinsia, ulemavu na upatikanaji wa elimu nchini mwake. Uzito wa maisha yake uko hapo. Msomi aliyefika mbali kiasi hicho angeweza kuchagua mada yoyote. Yeye alichagua kuchunguza kinachowazuia wengine kusoma. Baadaye aliongoza Umoja wa Wasioona Afrika, wenye makao yake Nairobi, na mwaka 2015 akaingia bungeni kwa viti maalumu vya CHADEMA. Alifariki akiwa mbunge, tarehe 31 Machi 2017, mjini Wolverhampton.

Maneno nayo yana uzito. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yote yana kiambishi ki-, kile kile cha kiti na kisu. Kusema “mtu mwenye ulemavu” hutanguliza utu, na hilo si adabu ya ofisini tu. Masikio ya watoto wa marehemu yatakuwepo siku ya mazishi.

Vizuizi pia huandikwa, tena waziwazi. Vilima vya Marani huteleza mvua inaponyesha, na mwenye magongo huijua njia hiyo kuliko yeyote. Wasifu unaodai kwamba alishinda yote kwa moyo wake pekee huisamehe njia mbovu, na shule isiyo na vitabu vya nukta nundu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kusoma, ya kufika kila mahali kwa kadiri inayofaa, na ya kutumia lugha ya ishara au nukta nundu. Haki aliyonyimwa kati ya hizo hutajwa, na waliomshika mkono hutajwa kwa majina.

Nafasi inayobaki ni ya mambo madogo: alivyocheka, mboga za chinsaga alivyozipika, wimbo wa kanisani aliouanzisha kabla ya wengine, na jina aliloitwa na wajukuu.

Mjomba wako