Uwanja Usio na Watazamaji

Sisi tuliokulia Masisi na Walikale tunaujua mwito ule. Mtu wa kikundi chenye silaha hupita nyumba kwa nyumba, au filimbi hulia karibu na soko, na watu wote, wazee kwa watoto, hutakiwa kufika uwanjani. Mkutano, wanasema. Wakati mwingine ni mkutano kweli: kodi mpya, zamu za salongo, maneno marefu juu ya usalama. Wakati mwingine katikati ya uwanja kuna mtu amelazwa kifudifudi, na kila aliyeitwa anaelewa kwa nini ameitwa. Bendera za vikundi zimebadilika mara nyingi katika miaka hii thelathini. Mwito umebaki uleule.

Katika vikao vyetu vya vijana tumeulizana: kwa nini tuitwe? Mtu angeweza kupigwa au kuuawa porini pasipo shahidi, na wengi wameuawa hivyo. Kukusanya kijiji kizima ni kazi, na wenye silaha si watu wa kujitafutia kazi bure. Jibu tunaloliona ni la hesabu. Teritwari ya Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu, na barabara zake hukatwa na mvua moja. Kikundi cha watu mia chache hakiwezi kusimama katika kila njia panda. Kinachoweza ni kumwadhibu mmoja mbele ya mia tatu, kisha hao mia tatu waipeleke habari mashambani, machimboni na kisimani. Hofu hutembea kwa miguu yetu wenyewe.

Huko Pinga, mahali ambapo Walikale inakaribiana na Masisi, wapiganaji wa Ntabo Ntaberi Sheka walipita mjini wakiwa na viungo vya watu waliowaua, huku wakiimba. Wachunguzi wa haki za binadamu waliliandika jambo hilo. Waliokufa hawakuwa na haja ya wimbo ule. Uliimbwa kwa ajili ya walio hai, waliokuwa nyuma ya milango.

Wala ufundi huu haukuzaliwa kwetu juzi. Wakati wa Wabelgiji mtu alilazwa chini na kuchapwa kiboko mbele ya wenzake waliopangwa mistari, na wachoraji wa Lubumbashi wameirudia picha hiyo mara nyingi: bendera, askari, mgongo ulio wazi. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Kisha, tarehe 2 Juni 1966, katika juma la Pentekoste, Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne huko Kinshasa, akiwamo Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu, mbele ya umati wa makumi ya maelfu. Walionyongwa walikuwa wanne. Waliofundishwa walikuwa nchi nzima, na mwalimu wao alikaa madarakani hadi mwaka 1997. Mahali pale leo pana uwanja mkubwa wa mpira unaoitwa kwa jina la mashahidi hao.

Je, umati ule ungebaki nyumbani? Swali hili huulizwa kwa urahisi na mtu aliye mbali. Serikali yenyewe imewahi kutuonyesha kwamba inaogopa barabara tupu: tarehe 16 Februari 2016 vijana sita wa LUCHA walikamatwa Goma wakiandaa siku ya mji mfu, wakahukumiwa kifungo. Kosa lao lilikuwa kuwaomba watu wasitoke. Utawala unaofunga watu kwa sababu hiyo unajua vizuri kuliko sisi jinsi unavyohitaji kuonwa na kuhudhuriwa.

Lakini aliyeitwa uwanjani kwa bunduki hana tiketi ya kurudisha. Akibaki nyumbani atafuatwa. Akifumba macho atapigwa hadi ayafumbue. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010, Luvungi na vijiji vya jirani vya Walikale vilivamiwa kwa siku nne. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, na wengine walitendwa hivyo mbele ya watoto na waume zao. Kulazimishwa kutazama kulikuwa sehemu ya jeraha. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba watu wa vijijini wangegeuza nyuso tu na mambo yangekwisha. Mzigo wa kukataa hauwezi kuwekwa juu ya mtu ambaye kukataa kwake ni kifo. Tuuweke juu ya wale wenye nafasi ya kukataa.

Hao ni akina nani? Ni sisi wenye simu. Siku hizi uwanja ule hauna mwisho. Mmoja wa wapiganaji hushika silaha, mwenzake hushika simu, na kabla ya jua kutua adhabu iliyotendwa kilimani imefika Goma, Bukavu, Kampala na Brussels, ikiwa na maneno ya kutuhimiza tuisambaze. Aliyeirekodi hakuhitaji kutukusanya kwa filimbi. Sisi tunajipeleka, tena kwa gharama ya megabaiti zetu. Na ndani ya simu hizo mna tantali, madini yanayotoka katika koltani, nayo Rubaya ya Masisi ni mojawapo ya machimbo yake makubwa duniani. M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi ya madini hayo iliwapatia dola 800,000 hivi kwa mwezi. Mlima mmoja unatoa fedha ya vita na kioo cha kuitazamia.

Mtakatifu Agustino, katika Maungamo yake, anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Wenzake walimvuta hadi kwenye uwanja wa Roma ambamo watu walipigana hadi kufa. Aliingia akiwa ameazimia kufumba macho, na aliyafumba. Lakini umati ulipopiga kelele akayafumbua, na tangu siku ile akawa mtu wa kurudi na kuwavuta wengine. Tunaipenda habari hii kwa sababu inamjua kijana wa leo. Hakuna aliyefungua video ile akitaka kuwa mkatili. Alisikia kelele tu.

Teodoreto naye anaandika juu ya mmonaki Telemako aliyefika Roma mwanzoni mwa karne ya 5, akashuka katikati ya wapiganaji kuwazuia. Waliomwua kwa mawe walikuwa watazamaji, kwa hasira ya kukatiziwa tamasha lao. Kaisari Honorio, kadiri ya masimulizi hayo, akayapiga marufuku mapigano yale. Angalieni nani alikasirika kwanza.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, mtu mmoja aitwaye Nsala alikuja kwa wamisionari akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake, mabaki ya mtoto aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris alimpiga picha akiwa ameketi, akivitazama. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilionyeshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani, na zilisaidia kumnyang'anya mfalme Leopold nchi hii mwaka 1908. Ingekuwaje kama watu wa kumbi zile wangesema kwamba wao hawatazami ukatili? Walinzi wa mpira wangefurahi sana. Mkandamizaji mmoja hutaka aonwe, mwingine hutaka asionwe, na mara nyingi ni mtu yuleyule kwa saa tofauti.

Mwinjili Luka anaita hata mateso ya Msalaba tamasha ambalo makutano walikuja kulitazama. Kisha anasema walirudi wakijipiga vifua. Mbali kidogo walisimama wanawake waliomfuata tangu Galilaya, nao pia walitazama. Lakini hao ndio walioangalia kaburi lilipo, wakaenda kutayarisha manukato. Tangu tulipoanza kuisoma sehemu hiyo pamoja, tumekuwa tukipima kutazama kwetu kwa kazi iliyofuata. Video iliyopelekwa kwa wakili, kwa mchunguzi au kwa tume ya haki na amani, ikiwa na tarehe na mahali, ina safari nyingine kabisa na ile iliyotupwa katika kundi la watu mia mbili ikiwa na picha tatu za machozi.

Wazee wetu walikuwa na adabu ya jambo hili kabla ya simu. Maiti ikionekana njiani, mama wa kwanza kupita hufungua kitenge chake na kuifunika. Hakimbii. Hukaa pale, huita watu, huuliza ni mwana wa nani, na habari hupelekwa kwa ndugu zake ili wafike kumzika. Aliyemwacha njiani alitaka aonwe akiwa hivyo. Kitenge kinamnyima hilo, bila kumficha marehemu kwa wanaomtafuta.

Sheka alijisalimisha mwaka 2017, na kesi yake ikasikilizwa Goma na mahakama ya kijeshi. Tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha, na makosa ya Luvungi yalikuwamo. Katika kesi za namna hii kwetu, waliotendewa mara nyingi hutoa ushahidi wakiwa wamefunikwa kuanzia kichwani, majina yao hayatajwi, na chumba kizima husikiliza sauti tu. Anayekaa mbele ya watu uso ukiwa wazi ni mshtakiwa.