Bodi 9 au 14?

Kuna ugomvi wa wapenzi ambao tumeuzoea: simu, mawifi, kuchelewa kurudi nyumbani. Kuna mwingine hausemwi sana, nao ni ugomvi wa ujenzi. Mkishaanza kujenga kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara, kila kitu kinageuka hesabu, na kila hesabu inaweza kusikika kama shutuma. Kwetu sisi ilikuwa dari ya sebule.

Nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam. Ilikuwa imefika ile hatua ambayo kila ndugu anakuuliza, "Mnahamia lini?" Tukakubaliana tupige jipsamu sebuleni kwanza, vyumba vitafuata. Fundi tuliyempata ni rafiki wa mume wangu tangu sekondari. Akaangalia juu, akazunguka, akaandika kwenye karatasi: bodi 14. Mume wangu akaikunja, akatia mfukoni. Yaani kesho yake dukani.

Nikaiomba ile karatasi. Sio kwamba nilimwona fundi mwizi, la hasha. Ila pesa ilikuwa yetu wote wawili, na baada ya dari nilikuwa nimepanga milango ya vyumba. Halafu kazi yangu ni kuhariri. Namba ambayo sijui imetoka wapi haipiti kwenye meza yangu, iwe ya gazetini au ya fundi.

Hesabu yenyewe wala sio ngumu. Sebule yetu ina urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 4.2. Zidisha, unapata mita za mraba 22.68. Bodi ya kawaida ina mita 2.4 kwa 1.2, yaani mita za mraba 2.88. Gawanya: 7.9, sema bodi 8. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande na zitakazovunjika njiani, unafika 9. Nikachora na kwenye karatasi bodi zitakavyolala, maana eneo peke yake linadanganya: vipande vinavyobaki si lazima vitoshe pale unapovihitaji. Mchoro nao ukasema 8, na moja ya akiba.

Sasa 9 na 14 ni vitu viwili tofauti kabisa, au sio? Wengi wetu hapa ndipo tunapokimbilia kusema, "Huyo rafiki yako anatuibia." Hebu fikiria. Sentensi hiyo moja inamtukana fundi, inamtukana mume na inaua urafiki wa miaka 20, kabla hujajua ukweli. Nilisomea mawasiliano chuo kikuu, na kama kuna kitu kimoja nilichokipata pale ni hiki: uliza kwanza mwenzako alikuwa anazungumzia nini.

Jumamosi nikamwambia, "Fundi, naomba unieleweshe. Hizi 14 zinaingiaje?"

Akamtazama mume wangu. Kisha akanitazama mimi. "Shemeji, si kaka alisema mnataka stepu?"

Stepu! Ile dari yenye mkanda ulioshuka kuzunguka chumba chote, na taa zinachungulia ndani yake. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya dari bapa, wao walikuwa wanapiga hesabu ya dari nyingine. Mkanda wa sentimita 60 pande zote nne na ubavu wake wa sentimita 15 ni kama mita za mraba 12 za ziada. Fundi alitaka kuziba dari nzima kwanza, halafu auning'inize mkanda chini yake. Jumlisha, weka ile asilimia 10, unapata 14 kamili. Hesabu ya fundi ilikuwa safi.

Kilichokuwa hakijanyooka ni mimi na mume wangu. Jioni tukakaa. "Nilitaka siku ya kuhamia uingie ukute taa zinawaka," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na mbona kila ninachofanya lazima ukikague?"

Jamani, hapo ndipo penyewe. Bodi 5 za jipsamu zilikuwa zimebeba swali hilo muda mrefu. Nikamjibu kwamba sikagui yeye, nakagua pesa yetu, na kwamba sapraizi inayokula milango ya vyumba mimi naisikia kama uamuzi niliofichwa. Akanyamaza. Akasema hakuwahi kuliona hivyo. Tuliongea mpaka saa 6 usiku, na wala si kuhusu dari tu.

Kesho yake tukarudi kwa fundi. Ikibidi, mkanda unaweza kufungwa kwenye fremu yake bila kuziba juu yake, akasema, ila kazi itamwongezea siku moja. Hapo mita za mraba ni kama 25, na ukiweka akiba ni bodi 10. Tukamlipa siku yake. Nyaya tukazivuta kabla dari haijafungwa, taa tukaziacha zisubiri. Milango ikabaki kwenye mpango. Stepu yake anayo.

Nawe kama mnakaribia hatua hiyo, shika haya:

- Pimeni chumba pamoja, mmoja ashike futi na mwingine aandike. Pimeni sehemu mbili tatu, maana kuta nyingi hazijanyooka.
- Kubalianeni muundo kabla ya idadi. Dari bapa na dari ya stepu ni bajeti mbili.
- Chumba cha mstatili, ongeza asilimia 10. Chenye kona nyingi, 15.
- Koni za pembeni hesabuni kwa mzunguko wa chumba. Kwetu ni mita 19.2. Milango msiipunguze, koni zinapita juu yake.
- Skrubu, wekeni kama 30 kwa kila bodi.
- Ulizeni dukani kama wanarudisha bodi nzima iliyobaki. Kwenye kirikuu zilale bapa, nyumbani ziwekwe juu ya mbao, mbali na maji. Jipsamu ikilowa, imekwisha.

Na fundi akikuletea namba usiyoielewa, usinune na usitukane. Mwombe akuonyeshe alivyoipata, mwenzi wako akiwa amekaa hapo hapo pembeni. Unaweza kukuta fundi hana tatizo lolote, ila nyie wawili mna maongezi mliyoyaahirisha. Kazi kwenu!