Kazi Iliyofika Nusu

Mwaka 2008 kampuni niliyofanyia kazi Dar es Salaam ilikuwa inatengeneza programu ya kutunza hesabu za dawa kwenye maghala ya hospitali, ikishirikiana na ofisi iliyokuwa Uholanzi. Msimbo wote ulikaa kwenye seva ya huko, ndani ya Subversion, mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Sisi tulitegemea intaneti ya setilaiti, kwani kebo ya SEACOM ilikuja kuwashwa Julai 2009. Kwa Subversion, hata kutazama historia ya faili moja lazima uiulize seva, na mvua ikinyesha jibu halirudi. Ndipo tukaingiza Git, ambayo Linus Torvalds alikuwa ameianzisha miaka mitatu tu kabla, kwa sababu humpa kila mtu historia nzima kwenye kompyuta yake. Wenzetu wa Uholanzi hawakutaka kuhama. Tukaweka daraja la git-svn kwenye kompyuta moja ofisini, nikakabidhiwa mimi. Tuliiita lango.

Subversion huyapanga mabadiliko yote kwa namba kwenye mstari mmoja. Git haina mstari huo: kila badiliko lina kitambulisho cha herufi na tarakimu 40, na matawi huachana na kukutana yatakavyo. Ili kuvuka, ilibidi lango livute kwanza yaliyoko kwenye seva, lipange upya mabadiliko yetu juu yake, ndipo liyapeleke moja baada ya jingine. Anayefika nyuma ndiye anayesuluhisha mgongano. Kanuni hiyo inasikika kuwa ya haki, lakini kwa mtu wa setilaiti maana yake ni kwamba kila siku wewe ndiye wa nyuma. Karibu migongano yote ya mradi ule ilimalizwa chumbani kwetu, na upande wa pili walipokea faili safi wasijue imepitia nini.

Mingine ilikuwa ya kuchosha tu. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Mtu akihifadhi faili kwa kihariri kisichojali, faili nzima inagongana toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali neno lililobadilika ni moja. Tuliandika programu fupi ya kusawazisha miisho hiyo na tukaendelea.

Ule ninaoukumbuka vizuri ulianza jioni, wakati lango linapeleka mabadiliko yetu ya kukagua tarehe za dawa. Umeme ulikatika katikati. Yaliyotangulia yalikwisha kupewa namba kule. Yaliyofuata yalibaki kwetu. Bahati mbaya, yaliyofika yaliita kazi (function) ya kupiga hesabu ya siku zilizobaki, na kazi yenyewe ilikuwa kwenye sehemu iliyobaki. Uholanzi ilikuwa saa moja nyuma yetu, watu bado wako mezani. Programu ikawagomea, mmoja wao akaiandika kazi inayokosekana, kwa jina lile lile, akaipeleka.

Jenereta ilipowaka nikavuta. Git ilitambua yaliyokwisha fika, ikayaruka, kisha ikasimama: kazi mbili za jina moja, mahali pamoja, zimetenganishwa na safu ya alama za sawasawa. Ya juu ilikuwa ya seva, ya chini yetu. Wengi walidhani kinyume, kwa sababu katika kuunganisha kwa kawaida ya kwako ndiyo hukaa juu. Hapa ya kwetu ndiyo iliyokuwa inapangwa upya, hivyo seva ilihesabiwa kuwa mwenyeji.

Ile ya juu ilikuwa fupi na nadhifu. Iliposoma 06/2009 ilihesabu mpaka Juni mosi. Dada mmoja wa timu yetu, aliyewahi kufanya kazi stoo ya dawa, aliinama kwenye skrini akanizuia mkono.

"Kaka, usifute ya chini. Boksi likiandikwa mwezi wa sita bila tarehe, dawa ni nzima mpaka tarehe thelathini."

Tungeikubali ya juu, ghala lingetupa dawa nzima mwezi mmoja kabla ya wakati. Aliketi, akachukua mpangilio wa vigezo wa Mholanzi maana tayari sehemu nyingine ziliutumia, akatia hesabu yake, kisha akaandika jaribio la Februari ya mwaka mrefu. Tangu siku hiyo tulikusanya mabadiliko yote yanayotegemeana kuwa badiliko moja kabla ya kuvusha, kwa kuwa badiliko moja kwenye Subversion ama huingia lote ama haliingii kabisa.

Lakini seva ilikuwa imetupa akaunti moja tu. Chochote kilichovuka kilipokea jina la akaunti hiyo, na jina la mwandishi lililokuwa ndani ya Git likaachwa huku. Baadaye tukaanza kuandika majina yetu kwa mkono ndani ya maelezo ya kila badiliko. Ya mwanzo yalikwisha pita. Miaka kadhaa mbele mradi wote ulihamia Git, orodha ya kuhamishia ikaipa kila akaunti jina moja na barua pepe moja, na chumba chetu kizima kikawa mtu mmoja.

Nakala ya lango ninayo. Tawi alilolisukuma yule dada kabla halijavushwa lina jina lake kamili, na saa yake imeandikwa kwa majira yetu, +0300. Kwenye historia rasmi ya mradi, hesabu ile ile ya tarehe ina +0000 na jina la akaunti.