Kasenyi, mlango wa wageni

Ukitoka Bunia kwenda Kasenyi unapita Bogoro, halafu barabara inaanza kushuka. Inashuka kweli kweli. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari, na ziwa liko karibu mita 620 tu. Masikio yanaziba, joto linapanda, na koti ulilovaa asubuhi kule juu unalivua mwenyewe. Chini unaona maji. Siku isiyo na ukungu unaona na ng'ambo, Uganda.

Wasomaji wetu wa Mongbwalu, Kilo na Bambu wanajua Kasenyi kwa samaki. Makayabo na kapiteni vinapanda mteremko huu juu ya kamyo, na watoto wengi wa kambi za wachimbaji wamekua kwa samaki wa ziwa hili. Lakini Kasenyi ni pia mlango. Wageni wa mbali wamepita hapa miaka mingi, na wenyeji wamewatazama vizuri kuliko wageni wenyewe walivyodhani.

Tuanze na jina. Tarehe 14 Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker, pamoja na mke wake Florence, alifika upande wa mashariki wa ziwa. Akaliita Albert, jina la mume wa Malkia Victoria, aliyekufa mwaka wa 1861 na ambaye hakuona hata tone la maji haya. Watu wa Bunyoro walikuwa na jina lao tayari, Mwitanzige, maana yake muua nzige. Jina hilo linakuambia kitu juu ya ziwa. Jina la Baker linakuambia juu ya Baker. Mwaka wa 1973 Mobutu naye alilipa jina lake mwenyewe, likakaa hadi 1997, likarudi kuwa Albert. Wavuvi wao wanasema tu "ziwa", na wanaelewana.

Kisha alikuja Stanley. Alitumwa kumwokoa Emin Pasha, mtawala wa Equatoria, aliyekuwa amefungiwa njia na vita vya Sudani. Mwezi wa Desemba 1887 Stanley alitoka katika pori la Ituri, akapigana na watu wa nyanda za juu, akashuka mpaka kando ya ziwa. Akauliza: Je, mmemwona mzungu mwenye meli? Wakamjibu hapana. Hakuwa na mashua, akarudi nyuma. Aprili 1888 alirudi, na safari hii chifu Kavalli alikuwa na kitu cha kumpa: barua ya Emin, imefungwa vizuri, imetunzwa isilowe. Wenyeji walikuwa wamempa Emin jina Malleju, yaani Mwenye Ndevu. Kumbe Stanley aliingia nchi isiyo na posta, na barua yake ilikuwa inamngoja mikononi mwa mwenyeji.

Tarehe 29 Aprili 1888 Emin alifika kwa meli yake iliyoitwa Khedive. Na hapa mtacheka kidogo. Aliyekuja kuokoa alikuwa na watu wenye njaa na nguo zilizochanika. Aliyetakiwa kuokolewa ndiye aliyeleta nguo na chakula!

Mwaka uliofuata watu wa Emin walipandishwa kutoka ziwani mpaka kambi ya Kavalli huko juu. Walileta vitanda, hata mawe ya kusagia unga. Nani alibeba? Wabebaji wa safari ya Stanley, na watu wa nchi hii. Ukipanda mteremko leo kwa pikipiki, fikiri juu ya jiwe la kusagia kichwani. Vitabu vya Ulaya vilihesabu mizigo, lakini majina ya waliobeba ni machache sana.

Wakati wa Wabelgiji walikuja watalii hasa, wale wa kutembea kwa kujifurahisha. Meli ya Robert Coryndon ilitoka Butiaba, Uganda, ikaleta abiria Kasenyi. Kutoka hapa walipanda gari kwenda Irumu na mpaka Epulu, ambako Mwamerika Patrick Putnam alikuwa na kambi ya kupokea wageni, nao walitaka kuona Wambuti na okapi. Putnam alikufa mwaka wa 1953. Mimi nafikiri shida ya safari zile ni neno moja: kuona. Mtu alilipa ili aone, na aliyeonwa hakuulizwa kama anataka.

Leo watalii hao hawako. Vita vilivyoanza Ituri mwaka wa 1999 vilifunga njia. Bogoro, tuliyopita tukishuka, ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na watu wengi waliuawa. Mwezi wa Januari 2012 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walitoka La Haye wakafika wenyewe kutazama mahali pale kabla ya kutoa hukumu. Hao nao walikuwa wageni, lakini walikuja kutazama ili wapime ushuhuda waliousikia. Tofauti hiyo si ndogo.

Na sisi pia tumekuwa wageni. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018, vijiji vilipochomwa katika Djugu, maelfu na maelfu walipanda mitumbwi hapa Kasenyi na Tchomia. Walivuka usiku, walivuka na upepo, wengine walizama. Waliofika Sebagoro walipokelewa, wakapelekwa kambi ya Kyangwali, na kipindupindu kikawafuata. Walipigwa foto nyingi sana siku zile. Mama aliyeshuka mtumbwini na mtoto mgongoni, nguo zimelowa, anajua sasa mtalii wa zamani alikuwa anamtazama bibi yake namna gani.

Jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, kwa hiyo kijana anayetaka kutembelea Kasenyi aulize kwanza hali ya barabara, tena asiulize mtu mmoja. Bandari na askari visipigwe foto hata kidogo. Fika asubuhi, wakati mitumbwi inarudi. Utasikia Kihema, Kialur, Kilendu, Kiswahili na Kifaransa ndani ya bishano moja la bei. Salimu wazee kabla ya kutoa simu mfukoni. Ukitaka foto ya mama anayepasua samaki, mwambie: "Mama, unaniruhusu?" Akisema hapana, nunua samaki wake hata hivyo. Wako wabichi, na kule Bunia bei inapanda.