Mbavu za Lincoln, Nguzo za Mkunazini

Dada mpendwa,

  Huku Uingereza baridi inatutafuna. Ni Julai, wenyewe wanasema ni kiangazi, wanatembea na kaptura huku wakilamba aiskrimu. Mimi nimevaa sweta mbili na khanga juu yake, na bado pua imekufa ganzi.

Ijumaa tuliondoka Leicester baada ya chai. Kaka Petro kwenye usukani, wifi pembeni yake na kikapu cha chakula, mimi nyuma nimebanwa katikati ya watoto. Barabara inafuata njia waliyoikata Warumi, nao Warumi, dada, hawakujua kona. Imenyooka mpaka macho yanachoka. Kutoka Leicester hadi Lincoln ni kama kilomita 80, karibu sawa na urefu wa Unguja, Nungwi hadi Makunduchi, lakini njia nzima hakuna kizuizi cha polisi hata kimoja, wala kijana wa kukimbilia dirishani na korosho. Ngano, ng'ombe, ngano tena. Nilitamani mtu aniuzie chochote.

Kisha, mbele kabisa, minara mitatu ya kanisa kuu la Lincoln juu ya kilima, mji wenyewe haujaonekana bado. Nikaanza kukusanya mikoba yangu. Kaka akacheka: bado dakika ishirini. Nyika ile ni tambarare kiasi kwamba kanisa linakuona wewe kabla hujajipanga kuliona.

Kulifikia ni kwa miguu, kwa mtaa wa mawe uitwao Steep Hill, na mpandaji hapo anakumbuka kila sahani ya pilau aliyowahi kula. Nami kwa mazoea ya Mji Mkongwe nikawa namwamkia kila ninayepishana naye. Wengi walinitazama kama watu wanaojaribu kukumbuka tulionana wapi. Mzee mmoja akasimama, akidhani nimepotea njia, akanielekeza kanisani, ilhali minara yake ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Nilimshukuru sana, tukazungumza habari za mvua, akafurahi. Habari za mvua huku ndizo zinazochukua nafasi ya "habari za nyumbani". Usiku tulikula mkate wao wenye zabibu kavu, unaopakwa siagi na kuwekewa kipande cha jibini juu. Jibini na zabibu! Nilicheka, kisha nikaomba kipande kingine. Na jua, saa tatu usiku, lilikuwa bado halijazama.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Kiingilio tulilipa, na tulilipa hasa. Sikutaka kugeuza pauni kuwa shilingi nikiwa mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Ndani, watoto walinyamaza wenyewe bila kufinywa. Urefu wake, ukiwa umesimama mlango wa magharibi, macho yanatembea na kutembea kabla ya kufika mashariki. Askofu Remigius alianza kujenga mwaka 1072, likawekwa wakfu 1092. Mwaka 1185 tetemeko la ardhi likaliangusha sehemu kubwa. Akaja Askofu Hugh, mtawa kutoka Ufaransa, akaanza upya 1192. Karne nyingine ikaongezwa ncha ya mbao iliyofunikwa risasi juu ya mnara wa kati, na inasemekana tangu 1311 kanisa hili lilipita piramidi kubwa ya Misri kwa urefu. Mwaka 1548 ncha ikaanguka, na hakuna aliyeirudisha. Hata bila ncha, mnara huo una mita 83. Nimejaribu kuupima kwa jumba letu la Beit al-Ajaib, nikakata tamaa.

Kuna madirisha mawili makubwa ya duara, yanatazamana: moja la Mkuu wa Kanisa, jingine la Askofu. Hili la Askofu ndilo lililonishika. Vioo vyake ni vipande vya zamani vilivyochanganywa tu. Hakuna picha unayoweza kuifuata, na jua likipita sakafu inageuka kitenge. Watoto hawakuwa na habari, wao walikuwa wakimsaka kishetani cha jiwe kilichojificha juu ya nguzo, mguu mmoja juu ya goti, kinacheka. Hadithi yao ni kwamba alikuja kufanya fujo kanisani, malaika akamgeuza jiwe. Mdogo wao alimwona kwanza, na hajaacha kutuambia.

Jioni tukarudi kwa Sala ya Jioni, hiyo ni bure. Wakatukalisha katika viti vya kwaya, mbao zimechongwa mpaka miguuni. Taratibu nilizijua zote, pa kusimama na pa kuketi. Ila kwaya ndiyo inayoimba, waumini kimya! Kwetu mtu akinyamaza wakati wa wimbo ataulizwa kama anaumwa. Wala hapakuwa na uvumba, nikaukumbuka wa kwetu mpaka pua ikauma. Kwa kuwa sikuwa na kazi, nikatazama juu. Dada, mbavu za mawe zinazobeba dari ile hazilingani! Ya kulia inapanda ikaegemea hapa, ya kushoto inakwenda kukomea pale, kama mafundi wawili waliogombana asubuhi. Wenyewe wanaiita dari ya kichaa, na wanajivunia. Nikacheka kimoyomoyo, maana nilizikumbuka nguzo za kanisa letu la Mkunazini, Unguja, zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, mafundi walipoachwa peke yao.

Jumapili nikaomba tupite Little Steeping. Kaka hakuwahi kulisikia jina hilo, na miaka yote hiyo anaishi Uingereza. Mashamba, nyumba chache, kanisa dogo la mawe, makaburi kwenye majani mabichi. Hapo Edward Steere alikuwa padri wa kijiji, kabla ya kuondoka mwaka 1863 na Askofu Tozer, padri mwenzake wa Lincolnshire hii hii. Steere huyo, mwanasheria wa kusomea, akafika Unguja 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili. Mwaka 1873, soko la watumwa lilipofungwa, msingi wa kanisa letu la Mkunazini ukawekwa hapo hapo sokoni, naye akaliwekea paa la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Nadhani mtu aliyetoka jimbo lenye minara ile haogopi dari. Mawe ya Lincoln nayo ni chokaa ya bahari ya kale, kwa hiyo makanisa yote mawili yametoka majini. Na Steere mwenyewe hakurudi kwenye majani haya. Unajua alipolala, nyuma ya altare yetu.

Mchana tukamalizia Skegness ufukweni, ambako pia Steere alihudumu. Samaki na chipsi pauni 12 kwa mtu, zaidi ya shilingi 35,000. Kwa hizo, kwetu Forodhani ningelisha ukoo. Samaki mtamu, lakini hana pilipili wala ndimu, siki tu. Na punda, dada! Punda wamepambwa hatamu za rangi, watoto wanalipa kuwapanda hatua chache mchangani. Nikawaambia kwetu punda ndiye anayebeba mchanga.

Sasa nina shida moja. Mtoto mkubwa wa kaka hakubali habari ya nguzo za kichwa chini. Anasema shangazi ametunga. Tumewekeana dau la aiskrimu. Tafadhali ukienda misa piga picha za nguzo zile, karibu na birika la ubatizo, unitumie kabla ya Jumapili. Piga na ya chini kabisa, panapoonekana vizuri, maana huyu mtoto ni mbishi kama baba yake.

Mdogo wako