Grenoble: wikiendi ya milima, marafiki na neno moja zito

Umewahi kusafiri na mwenza wako huku mmenuniana? Picha mnapiga, kutabasamu mnatabasamu, lakini chumbani kila mtu anaangalia ukuta wake. Basi ndivyo mimi na mume wangu tulivyoingia Grenoble, kusini mashariki mwa Ufaransa, Ijumaa moja jioni, Julai mwaka jana.

Chanzo kilikuwa barua moja tu. Wiki mbili kabla ya safari mume wangu aliitwa kazini Doha: mkataba wa miaka miwili, mshahara mara mbili na ushee. Mimi hapa Dar nina kazi ninayoipenda na tuna mtoto wa miaka mitatu, ambaye tulimwacha kwa bibi yake. Yeye alitaka tuliongee. Mimi kila akianza, nabadilisha mada. Na jibu lilitakiwa Jumatatu.

Kutoka Paris, stesheni ya Gare de Lyon, treni ya kasi inachukua kama saa tatu hivi. Shoga yangu tuliyesoma naye chuo alitupokea pamoja na mumewe Mfaransa, na rafiki yao wa Bujumbura ambaye Kiswahili chake kilitufanya tujisikie nyumbani papo hapo. Kumbatio, kelele, mabegi chini. Nikasahau hata kununa.

Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba mji huu wa milimani wenyewe ni tambarare kama meza. Umekaa bondeni, mito Isère na Drac inapokutana, mita 200 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari. Milima ndiyo imeuzunguka: Chartreuse kaskazini, Vercors magharibi, Belledonne mashariki. Kama unaijua Morogoro, chukua Uluguru uiweke pande tatu. Ukipotea njia unainua macho tu, mlima unakuambia uko upande gani.

Halafu msidanganyike na neno Alps mkajaza masweta kwenye begi. Ni kweli Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika hapa mwaka 1968, lakini Julai bonde linafunga joto kama sufuria yenye mfuniko. Tulikuta nyuzi 35. Mume wangu, mtu wa Tanga, alikuwa anajipepea na ramani!

Jumamosi asubuhi tulikwenda sokoni Place aux Herbes, kwenye mitaa ya zamani. Matunda, jibini, na jozi, zile njugu zenye ganda gumu na mikunjo kama ubongo. Jozi za Grenoble zina jina linalolindwa kisheria tangu mwaka 1938, kwa hiyo huwezi kulima zako kwingine ukaziita hivyo. Mchana shoga yangu akapika chakula cha huko, gratin dauphinois: viazi vilivyokatwa vyembamba sana, kitunguu saumu, maziwa na krimu, vyote vinaingia kwenye oveni mpaka juu pawe rangi ya dhahabu. Mumewe alisimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayeongeza jibini, maana kwa kwao hilo ni kosa.

"Shemeji," mume wangu akauliza, "viazi vyote hivi, nyama iko wapi?"

Meza nzima ikacheka. Mimi pia. Macho yetu yakakutana, kila mtu akaangalia sahani yake.

Jioni jua lilipopungua makali tukapanda Bastille, ngome ya karne ya 19 iliyo juu kabisa ya mji. Unaweza kupanda vibanda vya waya, ambavyo vimefanya kazi tangu mwaka 1934. Vya sasa ni vya mviringo, vya kioo, na wenyeji wanaviita bulles, yaani viputo. Sisi tukaamua kwenda kwa miguu kutoka mtaa wa Saint-Laurent. Ni kupanda zaidi ya mita 260, ngazi na kona, ngazi na kona. Wanaume wakatangulia. Mimi na shoga yangu tukabaki nyuma tukihema.

"Haya, sema. Kuna nini?" akaniuliza.

Nikamwaga yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanikumbusha mchumba aliyemwacha Dar alipokuja kusoma huku. Na wao ilikuwa miaka miwili.

"Tuliahidiana simu kila siku, na tulipigiana kweli. Nilipolala na homa nikamwambia niko poa. Alipoachishwa kazi akaniambia yuko poa. Mwaka wa pili nikagundua nazungumza na mtu nisiyemjua."

"Kwa hiyo nimzuie?"

"Sijasema hivyo, shosti. Mimi mwenyewe nisingekubali kuzuiwa. Nasema hatukuwahi kuambiana kwamba tunaogopa."

Kona iliyofuata nikamkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi na chupa ya maji. Alikuwa ananisubiri mimi.

Juu unaona mto Isère umejikunja katikati ya paa za nyumba. Hali ya hewa ikiwa safi unauona hata Mont Blanc. Siku ile kulikuwa na ukungu wa joto, hatukuuona. Tukakaa ukutani wawili tu.

"Naogopa," nikamwambia.

Akakaa kimya. "Na mimi. Nilikuwa nasubiri unikataze, ili nisiamue mwenyewe."

Nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikalia kidogo. Tukaongea mpaka saa tatu usiku, na hapo ndipo jua linazama! Kurudi tukapanda kiputo kimoja, magoti yamebanana.

Jumapili maduka mengi yanafungwa, kwa hiyo tukaenda kuogelea ziwa la Laffrey, kusini mwa mji. Njiani shemeji akatuonyesha mahali ambapo Napoleon, tarehe 7 Machi 1815, alikutana na wanajeshi waliotumwa kumzuia. Hawakumzuia. Wakamfuata.

Mume wangu akanitazama, anatabasamu.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia. "Mimi si askari wa mfalme."

Mkipenda kwenda, viza ya Schengen iombeni mapema. Bebeni viatu vya kutembelea, chupa ya maji na kofia. Mjini tramu inatosha, gari la nini? Na Bastille pandeni asubuhi au jioni, mchana mtaungua. Kama mna jambo mnalolikwepa, msipande viputo kwenda juu. Pandeni kwa miguu.

Jumatatu hakujibu ndiyo wala hapana. Aliomba wiki mbili zaidi, akapewa. Tukapiga hesabu mezani, za pesa na za upweke, na Oktoba akaondoka. Kanuni yetu ni moja: neno "poa" haliruhusiwi kwenye simu.

Jana usiku alipiga. Akasema kagombana na bosi wake, chakula hakipandi, na anamkumbuka mtoto mpaka kifua kinamuuma. Tuliongea saa nzima. Nilipokata simu, nililala vizuri kuliko siku zote za wiki.