Bafu la mita moja na nusu na magoti ya mama

Bafu letu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1. Nyumba za safu za hapa Leicester, zile za matofali mekundu zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, nyingi hazikuwa na bafu ndani. Choo kilikuwa uani, na bafu likaja kubanwa baadaye nyuma ya jikoni au kwenye kichumba cha juu. Ndiyo maana wengi wetu huku tunaoga mahali ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Tulipohamia tulikuta beseni refu la kuogea limejaa ukuta hadi ukuta, na bomba la mvua juu yake. Mimi na baba watoto tuliliruka miaka minne bila kuliwazia. Kisha mama akapata viza ya miezi 6 aje kumwona mjukuu. Mama ni mtu wa Ngamiani, Tanga, ana miaka 71, na magoti yake yamechakaa. Ukingo wa lile beseni ulikuwa sentimita 55 kutoka sakafuni.

Mimi ni muuguzi. Nilianza na diploma nyumbani, nikaja kusoma shahada huku, na wodi yangu ni ya wazee. Nimeogesha watu wengi nisiowajua. Lakini nilipomgusia mama kwenye simu kwamba nitamsaidia kuoga, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, siku utakayoniogesha wewe nitakuwa sijijui."

Basi suala la rangi ya vigae likasubiri kwanza. La muhimu lilikuwa mama aogeje peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Baba watoto alisema tukiling'oa beseni thamani ya nyumba itashuka. Huenda. Lakini nyumba tunaishi sisi, mnunuzi bado hajazaliwa. Likang'olewa.

Kwetu sakafu ya bafu imeumbwa imwagiwe maji, ina tundu la kutolea maji na mwinamo kuelekea tunduni. Bafu la Kiingereza la kawaida halina tundu hilo sakafuni. Wanafunzi wanaofika na mazoea ya ndoo na kata hulijua hilo siku dari ya jirani wa chini inapoanza kudondosha maji. Fundi wetu alipandisha sakafu, akatandika utando wa kuzuia maji sakafu nzima hadi juu ukutani, akaweka mwinamo wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Kizingiti hakuna. Mtu anaingia kwa miguu, hata kwa kigari cha kutembelea. Na hapo ndipo nilipoona ajabu yake: bafu likaonekana kubwa maradufu, kwa sababu jicho halikati popote.

Sakafuni tulichagua vigae vidogo vya sentimita 5. Vigae vidogo vina maungio mengi, na maungio hayo ndiyo yanayoushika unyayo ulio na sabuni. Vigae vikubwa vinavyong'aa kama kioo waachie hoteli.

Rangi nayo ina kazi. Mabafu ya huku ni meupe pe, choo cheupe mbele ya ukuta mweupe. Jicho la mzee halitofautishi vizuri, anakaa kwa kukisia. Tuliweka ukuta wa kijani cha bahari nyuma ya choo, na vyuma vya kushikia vyeusi. Wageni wanasifia urembo, nami sikatai.

Vyuma hivyo vimefungwa kwenye mbao nene ndani ya ukuta. Chuma cha kutundikia taulo hakibebi mtu, na vile vya kubandika kwa mpira wa kufyonza mimi sivipendi hata kidogo. Mlango tuliugeuza ufunguke kwa nje, kwani mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake mwenyewe ndio unaomzuia mwokozi. Maji ya moto yana kidhibiti kisichozidi nyuzi joto 41, kiwango kinachotumika kwa bomba la mvua kwenye nyumba za kutunzia wazee. Feni ya kutoa mvuke ni ya lita 15 kwa sekunde, kama kanuni za ujenzi za England zinavyotaka. Bila hiyo, ukungu mweusi utakuwa mpangaji wenu.

Nilitaka pia kile kibomba cha mkononi cha kujisafishia chooni, ndugu zetu wa Muscat wanakijua. Fundi akakataa kukiunga moja kwa moja kwenye maji ya bomba. Kanuni za maji za 1999 zinataka kinga madhubuti ili maji machafu yasirudi kwenye maji ya kunywa, na kinga yenyewe ni ghali. Tukabaki na kopo letu, lakini lina kibao chake ukutani, usawa wa mkono.

Mliopanga msivunje kitu. Kibao cha kukalia kinachowekwa juu ya ukingo wa beseni, mkeka wa mpira na kopo refu vinatosha kuanzia. Na kama mzee wenu ni mkazi anayestahili, ulizeni halmashauri kuhusu ruzuku ya kurekebisha nyumba. Kwa England hufika pauni 30,000, ikitegemea kipato.

Mama alifika Mei. Kiti cha kukunja tulichofunga ukutani alikikubali, bomba la mvua akalikataa, akaomba ndoo. Tukampa, juu ya kistuli ili asiiname. Asubuhi ya kwanza nilisimama koridoni nikijifanya nakunja nguo. Nikasikia kata ikigonga ndoo, maji yakimwagika, kisha sauti: "Wewe hapo nje, nenda kazini. Na hii feni inayonguruma inazimwa wapi?"